Mwanangu anatoa sauti ibadani, wanataka nikae naye chumba cha pembeni

Shangazi shikamoo. Naomba usome mpaka mwisho, najua ni ndefu ila sina pa kulisemea hili jambo, nyumbani nikilianza tu naishia kulia na kanisani ndo kwenyewe lilikotokea.

Nina kijana wa miaka 13 ana mtindio wa ubongo. Hatembei, anatumia kiti cha magurudumu, na haongei kwa maneno lakini anasikia kila kitu na anaelewa, ukimtania anacheka kabla hujamaliza. Akitaka kitu anaangalia juu, asipotaka anageuza uso upande wa pili na hapo hata umbembeleze vipi hageuki. Nimeenda naye kanisani tangu mchanga na hakuna kitu anakipenda kama ibada, yaani Jumamosi usiku akiona napiga pasi shati lake la kanisani miguu inaanza kurukaruka yenyewe.

Sasa nyimbo zikianza anatoa sauti. Ngoma ikiingia anavuta "eeeee" ndefu, kichwa nyuma, mdomo wazi, mimi nafuta mate na kitambaa huku naimba, na sauti yake haiishi pale wimbo unapoisha, inaenda mbele kidogo, kwa hiyo kanisa zima limeshanyamaza yeye bado anamalizia. Na kwenye mahubiri mchungaji akitulia kidogo kuvuta pumzi yeye anamjibu. Alipokuwa mdogo watu walikuwa wanageuka wanatabasamu. Sa hivi sauti imeanza kuwa nzito, ya kiume, watu wanageuka hawatabasamu tena.

Juzi kati mzee mmoja wa kanisa alinifuata baada ya ibada, kwa upole kabisa siwezi kusema alinitukana, akasema mama tunakupenda na mtoto tunampenda ila waumini wanalalamika hawasikii neno, tumeona ukae naye kile chumba cha pembeni, tumekuwekea spika mtasikia kila kitu. Chumba chenyewe ndo tunapotunzia viti vilivyovunjika. Nikatii. Jumapili ile tulikaa mle wawili, spika inaimba, yeye anatafuta watu kwa macho hawaoni, anaangalia mlango, ananiangalia mimi, anaangalia mlango. Shangazi, hakutoa sauti hata moja ibada nzima. Mzee akaja kunishukuru eti leo kulikuwa kumetulia.

Na siyo hilo tu. Kabla ya hapo alikuja mhubiri mgeni, akashuka moja kwa moja mpaka kwetu bila kuuliza, akamshika kichwa akawa anakitikisa huku anakemea kwenye maiki, mtoto akashtuka mwili wote ukakakamaa, mimi namwambia baba taratibu hanisikii. Alipoona hasimami akasema mbele ya watu wote kwamba kuna dhambi kwenye ukoo haijatubiwa, au imani ya mama ni ndogo. Baba yake mtoto alikuwa amekaa pembeni yangu. Hajakanyaga kanisani tangu siku ile, na sijui nimwambie nini.

Halafu wenzake wa rika lake wameshafundishwa wanashiriki meza ya Bwana. Yeye anarukwa. Nilipouliza nikaambiwa maandiko yanasema mtu ajihoji kwanza na yeye hawezi kujihoji, na dada mmoja akanifungulia Walawi 21 kwamba mwenye kilema asikaribie madhabahu.

Swali langu, je nihame? Na je kweli ni imani yangu ndogo? Na la mwisho naona aibu kuliuliza. Kuna wimbo wanaupenda sana pale wa kumshukuru Mungu kwa uponyaji, siku hizi ukianza nafunga mdomo, siwezi, nimechoka, miaka 13 nambeba kumwogesha na mgongo unauma na nampenda kuliko roho yangu. Mungu anakasirika mtu akisimama mbele zake amefunga mdomo?

Mama Kijana

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimesoma mpaka mwisho, na pale uliposema hakutoa sauti hata moja ibada nzima nimeparudia kusoma. Nianzie hapo hapo maana mengine yote yametokea hapo.

Huyo kijana anaabudu. Sijui kama kuna mtu kanisani kwenu ameshakwambia hivi kwa mdomo wake kwa hiyo nakwambia mimi. Anajua Jumamosi kwamba kesho ni Jumapili, anajua ngoma inaingia wapi, anajua mchungaji akinyamaza ni nafasi ya kuitikia, hebu niambie ni waumini wangapi wanafuatilia ibada kwa umakini huo. Na mlipowekwa kwenye chumba cha spika aliacha, kwa sababu watu anaoabudu nao hakuwaona. Yule mzee alisikia utulivu akafurahi. Mimi nasema siku ile kanisa lilipungukiwa mwimbaji na halikujua.

Chukua Biblia fungua Mathayo 21. Yesu anaingia hekaluni, anawafukuza wanaofanya biashara, na mstari wa 14 unasema vipofu na viwete wakamwendea mle hekaluni akawaponya. Watu wengi wanaishia hapo. Endelea mstari wa 15, watoto wanapiga kelele mle mle ndani, Hosana, na wakuu wa makuhani wanakasirika wanamwambia Yesu, unasikia hawa wanavyosema? Akawajibu ndiyo, halafu akawauliza kama hawajawahi kusoma kwamba kwa vinywa vya watoto wachanga Mungu amejikamilishia sifa. Sasa ona nani walikuwa ndani siku ile, wenye ulemavu na wapiga kelele, na waliokereka ni wenye ratiba. Ukitoka hapo nenda Marko 10, Bartimayo kipofu anaita kando ya njia, wengi wakamkemea anyamaze, akazidi kupaza sauti, na Yesu akasimama. Umati mzima ulikuwa unatembea na Yesu na ulikosea kuhusu sauti ipi anataka kuisikia.

Na kuhusu kutoongea kwa maneno, Paulo kwenye Warumi 8 anasema sisi hatujui kuomba itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kusikoweza kutamkwa. Kama Roho Mtakatifu anaomba bila maneno basi mtu asiniambie kijana asiye na maneno hawezi kuomba.

Nisiwaonee waumini lakini. Inawezekana kweli kuna bibi pale nyuma masikio yake yamechoka na hasikii mahubiri, naye ana haki ya kusikia. Hilo ni tatizo la mpangilio na lina dawa. Kwanza angalieni mnakaa wapi. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wanashtuka kirahisi kuliko wengine, sauti kubwa ya ghafla mwili unaruka na misuli inakaza, kwa hiyo kama mnakaa karibu na spika kubwa au nyuma ya ngoma huenda nusu ya sauti anazotoa ni mshtuko, hazina uhusiano na furaha. Mhamishe mbali na spika, lakini asirudishwe nyuma kabisa ambako anaona migongo tu, watoe kiti kimoja mwishoni mwa safu ya katikati ili kiti chake kiingie kwenye mstari na wengine, asikae kwenye njia kama mzigo unaosubiri kubebwa. Huyo bibi asogezwe mbele. Anayeongoza ibada akisema tusimame aongeze tu "kwa kadiri kila mmoja anavyoweza", maneno matano hayo yanamgusa mwanao na mwenye magoti mabovu na mjamzito. Na mchungaji akijibiwa katikati ya mahubiri anaweza kusema amina mwanangu akaendelea. Nakuhakikishia mchungaji akishafanya hivyo Jumapili chache watu wataacha kugeuka, waumini wanaangalia uso wa mchungaji wao ndo wanajua wakasirike au wasikasirike.

Sasa huyo mhubiri mgeni. Mtindio wa ubongo unatokana na ubongo wa mtoto kuumia, au kutokukua sawasawa, akiwa bado tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au miezi ya mwanzo ya maisha. Inaweza kuwa alikosa hewa, inaweza kuwa alizaliwa kabla ya wakati, inaweza kuwa manjano kali ya uchanga ambayo haikutibiwa, au maambukizi kama homa ya uti wa mgongo, na mara nyingine madaktari wanatafuta hawapati sababu. Hakuna dhambi ya ukoo hapo. Na wala siyo Shangazi anayekutetea, ni Yesu, Yohana 9, wanafunzi waliuliza swali hilo hilo la mhubiri wako, ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu? Jibu likaja hapo hapo, huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Mtu akisharudia swali ambalo Yesu alishalijibu, na akalijibu kinyume, hapo wewe huna cha kutubu.

Na imani ndogo? Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa neema yangu yakutosha. Paulo huyo huyo ambaye Matendo inasema hata leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo, mwenzake wa safari, amemwacha Mileto mgonjwa. Amemwacha mgonjwa, akaendelea na safari, na hakuandika kwamba Trofimo hana imani. Watu wa karibu zaidi na wakati wetu pia wapo, Joni Eareckson Tada wa Marekani alivunjika shingo mwaka 1967 akiwa na miaka 17 alipojirusha kwenye maji, akaombewa, akaenda mikutano ya uponyaji, na mpaka leo anatumia kiti cha magurudumu, na mwaka 1979 akaanzisha huduma kwa ajili ya watu wenye ulemavu na familia zao. Mungu anaponya, naamini hivyo kwa moyo wote na sitakwambia uache kuomba. Ila mtu anayefanya uponyaji uwe kipimo cha imani ya mama anayembeba mtoto wa miaka 13 kumwogesha na bado anamleta kanisani, huyo hajui imani inafananaje.

Kitu kingine nataka ukishike. Bartimayo alipoletwa mbele ya Yesu, kila mtu pale aliona ni kipofu, na bado Yesu alimuuliza, wataka nikufanyie nini? Alimuuliza yeye, siyo waliomleta. Kwa hiyo kuanzia sasa mtu akinyoosha mkono kumwombea kijana, weka mkono wako katikati, kwa heshima, useme baba ngoja kwanza tumuulize. Kisha umuulize kijana kwa sauti wasikie, unataka uombewe? Akiangalia juu, aombewe, kwa taratibu bila kushikwa kichwa. Akigeuza uso, imeisha, mshukuru mtumishi mwambie amekataa. Ana miaka 13, mwili ni wake. Utaona jinsi watu watakavyoshangaa kugundua kwamba huwa anajibu.

Nije kwenye meza ya Bwana, hapa naomba uwe mkali kidogo. 1 Wakorintho 11 inasema kweli mtu ajihoji. Lakini rudi nyuma mistari michache uone Paulo alikuwa anamgombeza nani. Kulikuwa na watu wanawahi chakula, wanakula wanashiba mpaka kulewa, wasio na kitu wanabaki na njaa, na anawauliza mnalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha hao wasio na kitu? Na anamaliza kwa kusema mkutanikapo kula, mngojane. Sehemu hiyo yote inawakemea waliowaruka wenzao mezani, halafu leo inatumika kumruka mtoto! Mwulize aliyekujibu hivyo kama mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye hata jina la mkewe limempotea, naye amenyimwa. Sidhani. Kila kanisa lina utaratibu wake wa kumwandaa mtu kwa meza na sikwambii uupuuze, omba mwanao aandaliwe, mwalimu akae naye, amfundishe kwa nyimbo na picha na maswali ya ndiyo na hapana, awekewe mkate mkononi aushike aunuse, aelezwe ni wa nini. Na kama ana shida ya kumeza, kwanza ongea na mtaalamu wa afya anayemhudumia, kuna watu wanapewa kipande kidogo sana kilicholowekwa kwenye kikombe, wengine wanaguswa tu mdomo, msije mkampalia.

Kuna mtu mmoja kwenye 2 Samweli anaitwa Mefiboshethi. Alikuwa na miaka 5 yaya wake alipokimbia naye akamwangusha, akawa kiwete. Daudi akamtafuta akamleta, na sura ya 9 inafungwa kwa kusema alikula sikuzote mezani pa mfalme, naye alikuwa kiwete miguu yote miwili. Mwandishi angeweza kuacha hayo maneno ya mwisho. Ameyaweka. Hakuponywa kwanza ndo akaitwa mezani, aliitwa na miguu yake hiyo hiyo.

Huyo dada wa Walawi 21 mwambie asome mpaka mstari wa 22. Sheria ile ilihusu makuhani wa uzao wa Haruni kutoa sadaka, na mstari wa 22 unasema huyo mwenye kilema atakula chakula cha Mungu wake, kilicho kitakatifu sana na kilicho kitakatifu. Kwa hiyo hata humo humo kwenye andiko alilolitumia kumfungia mlango, chakula kitakatifu hakunyimwa. Na baadaye Isaya 56 inawaambia watu waliokuwa wamezuiwa na sheria wasiingie kusanyikoni, matowashi na wageni, kwamba watapewa nafasi ndani ya nyumba ya Mungu na jina jema kuliko wana na binti, kwa maana nyumba hiyo itaitwa nyumba ya sala kwa mataifa yote.

Sasa wewe na mdomo wako uliofungwa. Mwanangu, kwani nani alikwambia ibada ni furaha tu? Zaburi ndo kitabu cha nyimbo cha Biblia na sehemu kubwa ya nyimbo zile ni kilio. Zaburi 13 inaanza na hata lini, inarudia hata lini mara nne kabla haijatulia. Zaburi 88 haitulii kabisa, inaanza kwa kulia usiku na mchana na inaishia gizani, hakuna mstari wa shukrani mwishoni, na bado iliwekwa ikaimbwa hekaluni na watu wa Mungu. Kanisa likiwa na nyimbo za ushindi peke yake linawafunga midomo watu kama wewe, kisha linashangaa kwa nini hawaimbi. Siku wimbo ule ukianza, kaa, shika mkono wa mwanao, sema tu Bwana hata lini. Umeabudu. Ayubu alisema maneno makali kuliko yako, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wale rafiki waliokuwa wanamtetea Mungu kwa maelezo, akasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Hao rafiki walifanya kitu kimoja kizuri tu, zile siku 7 za mwanzo walizokaa naye chini bila kusema neno.

Na tumaini, sitaki ufikiri nakuondolea. Ufunuo 21 inasema Mungu atafuta kila chozi, maombolezo na maumivu hayatakuwapo tena, nalisubiri hilo kwa ajili yako na mgongo wako. Lakini huwa najiuliza pia kuhusu Yesu aliyefufuka, mwili wa utukufu kabisa, na bado Tomaso aliambiwa alete kidole chake aone mikono. Alama zilibaki na ndizo alizotambulika nazo. Kwa hiyo mimi siongei kana kwamba mwanao anasubiri kufika mbinguni ndo awe mtu kamili. Mungu anamjua hivi hivi kwa sauti hiyo.

Baba yake usimvute. Alisimangwa mbele ya watu, akiwa amekaa pembeni yako, mwanaume akiumizwa vile anaweza kunyamaza muda mrefu. Usimwambie rudi kanisani. Mwambie sikuamini alichosema yule mhubiri, na sikuachii wewe ulibebe peke yako, basi, na Yohana 9 muachie wazi mezani akitaka asome. Anayepaswa kumfuata nyumbani ni mchungaji, na hilo umwombe mchungaji kwa mdomo wako.

Nihame? Bado. Nasema bado kwa sababu kwa barua yako hujawahi kuongea na mchungaji mwenyewe kuhusu chumba, aliyeongea ni mzee, na wewe ulitii kimya kimya. Omba miadi, siyo mlangoni baada ya ibada watu wakisubiri kusalimiana naye, miadi ya kukaa. Nenda na kijana, na nenda na mtu mwingine mmoja anayempenda. Usianze kwa kuomba radhi kwa kelele. Sema, mchungaji, mwanangu ni muumini wa kanisa hili, nimekuja tupange jinsi atakavyoabudu pamoja na wengine. Kisha sema mambo yako moja moja, kiti kwenye safu, maandalizi ya meza, mtu asimguse bila kumuuliza, na kile alichosema mgeni kikanushwe mbele ya watu wote kama kilivyosemwa, kwa sababu wapo wazazi wengine walikisikia wakaenda nacho nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya 6. Mwambie mchungaji ahesabu. Kanisa la watu 300 lingekuwa na kama 50, wako wapi? Wengine wamo humo humo na kifafa chao na masikio yao na hawasemi, na wengine wako nyumbani kwa sababu waliona mtu kama mwanao anapelekwa wapi. Na kama anataka kusikia kutoka kwa makanisa wenzake, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipokutana Harare mwaka 1998 mtandao wa Wakristo wenye ulemavu unaoitwa EDAN ulianzishwa, na mwaka 2003 likatolewa tamko linalosema kwamba kanisa ni la wote na kwa ajili ya wote. Kwaya nayo ikumbushwe kwamba Fanny Crosby, ambaye nyimbo zake ziko kwenye vitabu vya tenzi karibu kila mahali, alikuwa haoni tangu uchanga, akaandika maelfu ya nyimbo mpaka alipofariki 1915. Wanaimba maneno ya mtu mwenye ulemavu kila mara, basi wamuache na huyu aimbe.

Halafu omba apewe kazi. Hapa ndo nina hamu kweli. Kuna vitufe vikubwa vinavyorekodi sauti, mtu akikibonyeza kinasema ulichorekodi, na hata simu inaweza kufanya kazi hiyo kama ana mkono unaoweza kugusa, au kama hana basi mtu mwingine abonyeze pale mwanao anapoangalia juu. Mtafute kijana wa rika lake, mwenye sauti inayofanana na umri wake, arekodi "Bwana asifiwe". Ibada ikianza mwanao aletewe maiki, abonyeze, kanisa zima liitikie amina. Wamzoee kama anayewaongoza kabla hawajamzoea kama anayewasumbua. Na wewe omba watu wawili watatu wajifunze kumlisha na kumfuta na kumgeuza, wapokezane kukaa naye, ili siku moja moja usikilize mahubiri umekaa peke yako mikono mitupu. Hiyo usiione kama anasa, wewe nawe ni muumini wa kanisa lile na una njaa ya neno.

Ukishasema yote hayo, na umewapa muda wa kutosha, na jibu likabaki ni chumba cha viti vibovu, hama. Hama bila kugombana na bila kujilaumu, umuage kila mtu kwa jina, na kabla hujajiunga popote nenda naye siku ya wimbo wenye ngoma uone wanageuka na uso gani.

Mchungaji akishakujibu niandikie nijue amesemaje. Na huyo kijana mwambie Shangazi anamsalimu, umwangalie kama ameangalia juu.